Maneno Manne kwa Dakika

Kishikwambi kilikuja na mratibu wa kata, nyuma ya pikipiki,
kimeviringishwa kwenye kanga kama kibuyu cha maziwa,
kioo chake kimeshakula vumbi la Mlowa
kabla hakijaonja sauti ya mtoto hata mmoja.
"Mwalimu Sechambo, kazi ni ndogo," akaniambia.
"Mtoto anasoma dakika moja.
Akikosea neno unaligusa, linakuwa jekundu.
Kuhesabu itahesabu yenyewe."
Nikasaini daftari lake.

Sikuwa na wasiwasi.
Darasa langu la pili lilikuwa likisoma mpaka bati linatetemeka:
Baba analima. Mama anapika. Kuku anakula punje.
Watoto themanini na tisa, koo moja,
na wanawake waliokuwa wakienda kisimani
walitua ndoo wakasikiliza.
Nilijivuna. Sitaficha, nilijivuna.

Tuliketi stoo, kati ya magunia ya mahindi ya uji,
mimi, mashine, na mtoto mmoja mmoja.
Nilianza na Nyemo Chidosa,
ambaye mkono wake huwa juu kabla swali halijaisha.
Akakitazama kioo.
"Baba analima," akaanza, kwa sauti ile ile ya bati.
Lakini hapakuwa na baba.
Palikuwa na sungura aliyeibiwa karanga.
"Mama anapika,"
macho yakiwa dirishani, mbali na maandishi,
kwenye ukurasa uliobaki darasani.
Nikagusa, nyekundu. Nikagusa, nyekundu.
Kidole changu mwenyewe, kile kile cha chaki.
Dakika ikaisha kwa mlio mdogo, kama wa kifaranga.

Maneno manne.
Na yenyewe ni na, na, ya, na.

Kufikia saa tisa nilikuwa nimeelewa.
Sikuwa nikifundisha kusoma.
Nilikuwa nikiongoza kwaya.

Ndahani hakupimwa.
Yuko shambani anaamia ndege wasimalize uwele wa bibi yake.
Mashine ikaniuliza sababu:
mgonjwa, amehama, mtoro.
Hapakuwa na kitufe cha ndege.
Nikabonyeza mtoro, nikafuta.
Nikaacha wazi, ikakataa kufunga ukurasa.
Nikabonyeza mgonjwa. Mungu anisamehe,
na yeye ampe afya.

Mtandao haushuki mpaka shuleni.
Unaufuata juu ya msingi wa tenki la maji,
upande wa mizabibu, mkono hewani
kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka.
Nilisimama pale jua linazama.
Na nikagundua jambo ambalo mratibu hakulisema:
neno jekundu ukiligusa tena,
linarudi kuwa jeusi.

Nikaligusa sungura.
Likawa jeusi.
Nikaligusa karanga.
Nyemo akawa na maneno sita, na hakuna aliyeumia,
na upepo wa Mlowa ukapita kwenye mizabibu bila kuuliza.
Rahisi hivyo. Ningeweza kumfikisha arobaini
kabla ya giza, na mimi mwenyewe nikapata cheti.

Nikakumbuka macho yake dirishani.
Nikayarudisha mawili yale, moja moja, mekundu.
Nikabonyeza Tuma.
Duara likazunguka, likazunguka,
betri asilimia tisa,
likazunguka.

Leo asubuhi nimefuta Baba analima.
Limegoma kufutika, limekaa ubaoni tangu Januari,
nimetumia maji.
Nimeandika m. Hiyo tu.
Nikawaambia: msiseme kitu mpaka mtu aitazame.

Hujui kimya mpaka usimame mbele ya kimya cha watoto themanini na wanane.
Wengine walianza kutikisa miguu.
Mmoja alicheka, akaacha.
Nyemo akainua mkono, akaushusha, akauinua nusu.
"Mmm," akasema, polepole, bila uhakika,
"kama ng'ombe anayetaka kutolewa zizini."

Hilo sikumfundisha mimi.

Nikageukia ubao, wasinione uso,
nikaongeza a.